Mto Unaorudi Nyuma

Huko Ufaransa, kaskazini magharibi katika jimbo la Bretagne, kuna mto unaoitwa Rance. Si mto mkubwa. Ukiulinganisha na Rufiji au Tana utauonea huruma. Lakini mto huo una kioja chake: mara mbili kwa siku huacha safari ya kwenda baharini, ukageuka na kurudi ulikotoka. Maji ya chumvi huingia mdomoni mwake kwa kishindo, yakapanda na kupanda. Mashua zilizokuwa zimelala ubavu juu ya tope huinuka zenyewe, na ngazi za mawe za gatini humezwa kidato baada ya kidato. Saa sita na ushei baadaye, yote yaliyoingia huanza kutoka.

Ninyi mliokulia Pwani mtaniambia, hicho nacho ni kioja? Mbona hata kwetu maji hujaa na kupwa? Ni kweli, wala sibishi. Ila tuulizane kiasi. Kwetu, siku ya bamvua kubwa, maji hupanda karibu mita 4 juu ya pale yalipokuwa yamekupwa. Kwenye mdomo wa Rance, bamvua kubwa huyapandisha mita 13. Nyumba ya ghorofa nne ingesimama kavu asubuhi na kuzama yote mchana.

Watu wa huko waliona mapema kwamba maji yanayopanda na kushuka namna ile yanaweza kupewa kazi. Katika Zama za Kati, karne nyingi kabla mtu yeyote hajawasha taa ya umeme, walijenga vinu vya kusagia nafaka kandokando ya mto. Kinu chenyewe kilikuwa rahisi, na mimi hukipenda kwa urahisi wake. Unachagua kihori kidogo, unakiziba kwa ukuta wa mawe, unaacha mlango mmoja wa mbao unaofunguka kwa ndani tu. Maji yakijaa, yanausukuma mlango na kuingia. Yakianza kupwa, yale yaliyonaswa ndani yanaubana mlango kwa uzito wao wenyewe, ukajifunga pasipo mkono wa mtu. Msagaji anakaa kusubiri. Bahari ikishashuka vya kutosha, anafungua njia nyembamba iliyo chini ya gurudumu; maji yanakimbilia baharini, gurudumu linazunguka, jiwe linasaga.

Tabu ya msagaji ilikuwa saa za kazi. Leo maji yamejaa saa nne asubuhi, kesho yatajaa karibu saa tano, keshokutwa inakaribia saa sita. Siku chache zikipita anajikuta akisaga usiku wa manane, taa ya mafuta pembeni, mkewe na watoto wamelala fofofo. Na hakuwa na wa kumlalamikia, kwa sababu aliyempangia zamu alikuwa mwezi.

Hapo lazima tusimame kidogo, maana bila kuuelewa mwezi hadithi yote iliyobaki itakuwa maneno matupu.

Mwezi uko mbali nasi kama kilomita 384,000, lakini unavuta. Unavuta mawe, milima, hata wewe hapo ulipokaa. Tofauti ni kwamba mlima hauwezi kusogea kirahisi, na maji yanaweza. Upande wa dunia unaoutazama mwezi uko karibu zaidi nao, hivyo maji ya upande huo yanavutwa kuliko dunia yenyewe, yakavimba. Upande wa pili, ule uliougeuzia mwezi mgongo, uko mbali zaidi. Maji ya huko yanavutwa kidogo kuliko dunia. Dunia inasogezwa, yenyewe yanabaki nyuma, nayo yakavimba. Ndiyo maana mavimbe ni mawili na si moja. Dunia inapojizungusha, pwani yetu hupita chini ya vimbe la kwanza, kisha chini ya la pili, na sisi tunasema maji yamejaa mara mbili. Lakini wakati dunia inamaliza mzunguko wake, mwezi nao haukukaa. Umeshasogea mbele katika njia yake. Dunia inabidi iongeze kama dakika 50 kuufikia. Hizo ndizo dakika zilizomnyima usingizi msagaji wa Rance.

Jua nalo linavuta maji, ingawa nguvu yake katika jambo hili haifiki nusu ya nguvu ya mwezi. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, jua, mwezi na dunia huwa katika mstari mmoja, na mivuto miwili ikajumlishwa: hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavutia kwake, tukapata maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Akina mama wanaolima mwani huko Paje, Unguja, hawahitaji kufundishwa somo hili. Wanahesabu siku za mwezi, na bamvua likifika wanashuka ufukweni na kamba zao na vigingi vyao wakati maji yamekupwa kabisa, wafunge mwani na kuuvuna kabla bahari haijarudi kuwafuata.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu ndilo ninalotaka mlikumbuke kuliko namba zote nitakazozitaja. Upepo hauna miadi. Jua la kesho linaweza kufunikwa na wingu, na mvua za vuli zinaweza kuchelewa, mabwawa ya umeme yakakauka. Lakini maji ya bahari yana ratiba. Mtu anayeijua hesabu yake anaweza kukaa mezani leo akakupigia saa ambayo maji yatajaa Mombasa siku fulani ya mwaka 2060, na asikosee kwa kiasi cha kukuudhi. Mhandisi wa umeme akisikia habari kama hiyo, masikio yanamsimama.

Huenda umejiuliza kwa nini mwezi uleule mmoja uwape Wafaransa mita 13 na sisi utupe 4. Haukupendelea mtu. Ni umbo la pwani. Bahari ya Atlantiki inasukuma maji yake yaingie kwenye mlango wa bahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza. Mbele yake yanakuta rasi ya Cotentin imejitokeza, imeziba njia. Maji ya nyuma yanaendelea kuja, ya mbele hayana pa kwenda, basi yanarundikana katika ghuba ya Saint-Malo. Na mdomo wa Rance unafungukia humo humo.

Mwaka 1961 Wafaransa walianza kujenga pale mdomoni, kati ya miji ya Dinard na Saint-Malo, kinu kikubwa kuliko vyote vilivyotangulia. Hiki hakikuwa cha kusaga ngano. Kilikuwa cha kuzalisha umeme.

Ugumu wa kwanza haukuwa mitambo. Ulikuwa kupata mahali pakavu pa kufanyia kazi. Mhandisi aliyebuni namna ya kuyazuia maji aliitwa Albert Caquot, na wakati ujenzi unaanza alikuwa ametimiza miaka 80. Fikiria tatizo alilokabiliwa nalo mzee huyo. Kila unapoziba kipande cha mdomo wa mto, maji yote yanalazimika kupita kwenye nafasi iliyobaki. Nafasi inazidi kuwa finyu, na maji yanazidi kukasirika. Kipande cha mwisho, ambacho kwa macho kinaonekana kidogo tu, ndicho kinachoweza kuibomoa kazi yote. Dawa aliyoipata ilikuwa kuzamisha mapipa makubwa mno ya zege, moja baada ya jingine, na kuyajaza mchanga ili mkondo usiyapeperushe. Kisha nafasi za katikati zikazibwa pole pole. Julai 1963 mto ulifungwa kabisa. Wafanyakazi wakashuka kwenye sakafu ambayo hadi juzi ilikuwa chini ya bahari, wakaanza kujenga. Novemba 1966 Rais Charles de Gaulle akaja kuuzindua mtambo.

Ukipita hapo leo, usipoambiwa utadhani ni daraja. Ni ukuta wenye urefu wa mita 750, juu yake barabara, na magari yanakwenda na kurudi. Jahazi likitaka kupita, kipande cha barabara huinuliwa, madereva wakasubiri, wengine kwa kununa. Kazi yenyewe iko chini ya miguu yao. Ndani ya ukuta kuna njia za maji 24, na katika kila njia kuna turbaini moja.

Turbaini ni pangaboi lililogeuzwa kazi. Pangaboi la chumbani hula umeme, likazungusha mapanga yake, mapanga yakasukuma hewa. Hapa maji ndiyo yanayoyasukuma mapanga, mapanga yanazungusha jenereta, na umeme unatoka. Tofauti ni uzito: kila mtambo wa Rance una tani 470, na gurudumu lake la mapanga manne lina upana wa zaidi ya mita 5. Jenereta haikuwekwa nchi kavu. Imefungiwa ndani ya tumbo la chuma lisilopitisha maji, na tumbo hilo limewekwa katikati kabisa ya njia. Fundi akitaka kuifikia, anashuka kwa ngazi ndani ya shimo jembamba la wima, anaingia tumboni, na huku nje ya ule ukuta wa chuma, juu, chini, kushoto na kulia, bahari inapita.

Namna ya kufanya kazi ni ileile ya msagaji. Maji yanajaa, milango mikubwa inafunguliwa, bonde lote la mto nyuma ya ukuta, eneo la kilomita za mraba 22, linajazwa. Maji yakifika kilele milango inafungwa. Bahari inaanza kushuka, bonde linabaki limejaa. Wanasubiri. Tofauti ya kimo ikiwa ya kutosha, njia za turbaini zinafunguliwa na maji yanatoka kwa nguvu.

Lakini Wafaransa waliongeza hila moja ambayo msagaji hakuwa nayo. Nimewaambia turbaini ni pangaboi lililogeuzwa. Basi linaweza kugeuzwa tena! Maji yanapokuwa yamejaa, bahari na bonde viko karibu usawa mmoja. Wakati huo mafundi wanaweza kuchukua umeme kutoka gridi, wakaigeuza mitambo iwe pampu, wakaingiza maji zaidi bondeni. Kuyainua maji nusu mita tu hakuli umeme mwingi. Saa chache baadaye bahari imeshuka mita 6 au 7, na maji yaleyale yaliyoinuliwa nusu mita sasa yanaanguka mita zote hizo yakizungusha mitambo. Unakopa kidogo, unalipa, na bado kinabaki. Mwanafunzi mwenye akili ya kudadisi atauliza: nyongeza hiyo imetoka wapi, kwani nguvu hazizuki tu? Zimetoka kwa bahari iliyoshuka. Mwezi ndio uliolipa tofauti.

Je, ni umeme kiasi gani? Mitambo yote 24 ikizunguka kwa nguvu zake zote hutoa megawati 240. Kwa kipimo cha nyumbani, bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9, na kila mmoja peke yake ni wa megawati 235. Yaani ukuta wote wa Rance unalingana na mtambo mmoja wa Rufiji. Tena hapo nimesema ikizunguka kwa nguvu zake zote, na haizunguki hivyo muda wote. Kuna saa za kujaza, saa za kusubiri, siku za maji mafu. Kwa mwaka mzima Rance hutoa kama gigawati-saa 500. Ukizigawa kwa saa zote za mwaka utapata megawati 57 hivi, karibu robo tu ya uwezo wake. Ratiba ya mwezi inaaminika, lakini haijali wewe unapika saa ngapi. Umeme unaweza kuwa mwingi saa nane za usiku, na wakati watu wanarudi nyumbani jioni bonde likawa tupu.

Hata hivyo, unaona jambo hili: mtambo uliozinduliwa mwaka 1966 ungali unafanya kazi. Wengi waliotaka kuvuna umeme baharini baada ya hapo hawakudumu hata miaka mitano. Chuma na maji ya chumvi ni maadui wa tangu zamani. Mwulize mtu yeyote mwenye boti ya injini. Rance, pamoja na vyuma vyake maalumu, hupitisha mkondo mdogo wa umeme unaozuia kutu isishike. Mtambo unatumia kijisehemu cha umeme wake kujilinda na bahari inayoulisha.

Sasa upande wa pili wa habari, nao haupendezi. Ile miaka mitatu mto ulipokuwa umefungwa wakati wa ujenzi, bahari haikuingia bondeni. Maji ya chumvi hayakuja, maji matamu ya mto yakatawala, na karibu viumbe vyote vya baharini vilivyoishi humo vikafa. Mtambo ulipoanza kazi na maji kuingia tena, ilichukua kama miaka kumi hadi uhai ukarudi na kutulia. Na uliorudi haukuwa sawasawa na ule wa kwanza: kuna samaki waliotoweka, na kuna wengine waliopata makao mapya. Tope nalo linajikusanya bondeni, na mpaka leo ni ugomvi kati ya wakazi na serikali nani alizoe na alipeleke wapi. Umeme wa bahari hautoi moshi, hilo ni kweli. Lakini ukuta ni ukuta, na uliyoyaziba nayo yalikuwa na wenyewe.

Mambo haya hayana kanuni moja, ndiyo maana nawasimulia na kisa cha Korea Kusini. Huko, mahali paitwapo Sihwa, ukuta mrefu wa baharini ulikuwa umeshajengwa, ukakamilika mwaka 1994, nia ikiwa kupata ziwa la maji matamu kwa ajili ya kilimo. Yakaja maji machafu ya viwandani na ya mijini, yakanaswa, ziwa likaoza na kunuka. Wakakubali yaishe: wakatoboa ukuta na kuweka mitambo 10, na mwaka 2011 ikaanza kuzalisha hadi megawati 254. Ndio mtambo mkubwa kuliko yote ya aina hii duniani, uliipita Rance kidogo tu. Bahari ikawa inaingia na kutoka tena kila siku, na maji ya ziwa yakaanza kusafika. Ukuta wa Ufaransa uliua mto kwa muda. Mtambo wa Korea ulisaidia kulifufua ziwa. Yote ni mitambo ya aina moja.

Mtasema, je, mawimbi? Mtoto yeyote aliyepigwa na wimbi akaanguka kifudifudi anajua lina nguvu. Mwaka 2004, katika visiwa vya Orkney huko Scotland, mashine iliyoitwa Pelamis ilipeleka umeme wa mawimbi kwenye gridi ya taifa, ya kwanza kufanya hivyo ikiwa imeelea baharini. Jina lake ni la nyoka wa baharini anayepatikana hata katika Bahari ya Hindi. Ilikuwa na urefu wa mita 120, nyekundu, imeundwa kwa vipande vilivyounganishwa kwa maungio. Wimbi likipita, vipande vinajikunja na kujikunjua, na kule kujikunja kunasukuma mafuta ndani ya mabomba, mafuta yakazungusha jenereta. Nilipoziona picha zake mara ya kwanza nilidhani hapa sasa mambo yameiva. Mwaka 2008 mashine tatu za namna hiyo zikapelekwa pwani ya Ureno. Baada ya miezi michache tu zikavutwa kurudishwa bandarini: maungio yalisumbua, na mwaka huohuo fedha za dunia ziliyumba. Mwaka 2014 kampuni yenyewe ilifilisika.

Ubaya wa wimbi uko hapa. Mashine lazima iwe laini ya kuweza kuchezeshwa na wimbi dogo la siku tulivu, na papo hapo iwe ngumu ya kustahimili dhoruba inayokuja mara moja kwa miaka mingi. Ukiijenga kwa ajili ya dhoruba, gharama inakuwa kubwa na umeme wa siku za kawaida mdogo. Ukiijenga kwa ajili ya siku za kawaida, dhoruba inaichukua. Watu wangali wanahangaika na fumbo hilo, na sidhani kama limeshapata mwenyewe.

Kuna hata aliyejaribu kuvuna joto la bahari. Mfaransa Georges Claude, yuleyule aliyetupa taa za neoni za matangazo, alikwenda Cuba akashusha bomba refu hadi kwenye maji baridi ya kilindini, ili tofauti ya joto kati ya maji ya juu na ya chini iendeshe mtambo. Mwaka 1930 alifanikiwa kupata kilowati 22. Pampu za kuvutia maji zilikula zaidi ya hizo. Tusonge mbele.

Njia ninayoitegea sikio zaidi siku hizi ni ya nne: kuacha ukuta, na kuuachia mkondo wenyewe uzungushe mapanga. Penye mlango mwembamba kati ya visiwa, maji ya kujaa na kupwa hupita kwa kasi. Na maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, kwa hiyo mkondo wa mwendo wa mtu anayekimbia una nguvu ambayo upepo wa kasi hiyo hauwezi kuiota. Mlango wa bahari wa Pentland, kaskazini kabisa ya Scotland, una mitambo minne iliyosimamishwa juu ya sakafu ya bahari, kila mmoja megawati 1.5, na mmoja wao ulizunguka zaidi ya miaka 6 mfululizo bila kutolewa majini kwa dharura. Kwa mtu anayeijua chumvi, hiyo ni habari kubwa kuliko megawati. Karibu na hapo, huko Orkney, mwaka 2021 kulitiwa nanga chombo cha njano chenye urefu wa mita 74. Kina mikono miwili inayoshuka majini, kila mkono na gurudumu la mapanga lenye upana wa mita 20. Kinatoa hadi megawati 2. Siku ya matengenezo mikono inainuliwa juu ya maji, na mafundi wanakwenda kwa boti ndogo, wakafungua na kufunga nati juani. Hawahitaji mzamiaji. Mtu aliyekibuni bila shaka alishachoka kulipa wazamiaji.

Na kwetu je? Swali hilo najua mmelikalia tangu mwanzo. Umeme wa Unguja hupita chini ya bahari kwa waya mnene kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na wa Pemba hutoka Tanga kwa njia hiyohiyo, lakini bahari iliyo juu ya nyaya hizo haichangii hata wati moja. Je, tusijenge ukuta katika hori la Tudor au Kilifi, tukapata Rance yetu?

Hesabu inatukatalia kwanza. Kimo cha maji kikiongezeka mara mbili, maji unayonasa yanakuwa mara mbili, na kila tone linaanguka kutoka juu mara mbili; nguvu inakuwa mara nne. Kimo kikiongezeka mara tatu, nguvu ni mara tisa. Mita 13 za Rance ni kama mara tatu na kidogo ya mita 4 zetu. Kwa hori lenye eneo sawa, tungepata karibu sehemu moja tu ya kumi ya umeme wao, na ukuta bado ungetugharimu. Kisha kuna mikoko. Mikoko huishi kwa kufunikwa na kufunuliwa na maji kila siku, na ukuta unabadilisha mwendo huo. Kaa na kamba na vifaranga vya samaki wanaolelewa mizizini mwake ndio kitoweo cha watu wa kando ya hori. Mimi, ningeulizwa, ningekataa ukuta, na macho yangu ningeyapeleka kwenye milango ya visiwa, kule ambako manahodha hungoja maji yageuke ndipo wapite. Kabla ya kununua chochote, ningeanza kwa kupima kasi ya maji hayo mwaka mzima, bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi.

Kupima mnaweza kuanza ninyi. Mkiwa karibu na gati, nendeni siku mbili baada ya mwezi mpevu pamoja na mtu mzima, mkiwa na utepe wa fundi seremala. Wekeni alama ya chaki kwenye nguzo pale maji yalipojaa hasa. Rudini yakikupwa, mpime kutoka alama hadi usawa wa maji. Namba mtakayoipata izidisheni kwa yenyewe. Kwa mita 3 mtapata 9. Rance, kwa mita zao 13, wana 169. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, pimeni tena palepale, mzidishe tena, mlinganishe. Na mvae viatu, maana ufukwe uliokupwa una miiba.